Kinyonga, Damu na Hofu Nyinginezo

Muhula huu niliweka kopo tupu la maziwa juu ya sanduku langu bwenini, nikawaomba wenzangu kila mmoja aandike katika kipande cha karatasi kitu kimoja anachokiogopa kuliko vyote, bila kutia jina lake. Nia yangu ilikuwa kupata habari za kuandika katika gazeti letu. Sikutazamia kwamba kopo litajaa. Nadhani wale wanaojidai mchana kwamba hawaogopi kitu ndio waliotia karatasi mbili mbili.

Basi yalitoka mambo haya: nyoka, tena nyoka, tena nyoka, giza la njia ya kwenda chooni usiku, radi, bundi akilia juu ya paa, kinyonga, sindano, kupanda feri, mwalimu kusema, "Wewe, njoo ubaoni." Mmoja aliandika kwamba hawezi kutazama vitundu vingi vilivyokaa pamoja, kama vya sega la nyuki, akiviona ngozi humsisimka, hutamani kukimbia. Mwingine aliandika, "Naogopa mama atafariki nami niko shuleni." Karatasi hiyo niliirudisha ndani ya kopo, wala sitaieleza hapa, maana hiyo si hofu ya kupasuliwa kwa sayansi.

Mimi pia nilitia karatasi yangu. Iliandikwa "damu". Mbele kidogo nitaeleza kwa nini neno hilo moja linanitaabisha sana mwaka huu.

Kwanza yafaa tujue hofu yenyewe ni nini, maana wengi hudhani ni udhaifu wa moyo tu. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kipande kidogo mfano wa lozi ambacho wataalamu hukiita amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya hatari. Macho yakiona kitu kirefu kilichojikunja njiani, habari hufika huko upesi sana, kabla akili haijamaliza kuuliza kama ni nyoka au ni kamba. Hapo tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda, mboni za macho hupanuka, damu hupungua tumboni ikaenda katika misuli ya miguu na mikono, na ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Ndiyo sababu mwenye hofu husikia tumbo likivurugika, kinywa kikikauka na vidole vikiwa baridi. Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915, akasema kwamba mwili unajiweka tayari ama kupigana ama kukimbia. Kwa hiyo yule mwenzetu anayetetemeka ubaoni hana ugonjwa. Mwili wake umejiandaa kukimbia chui, ila aliye mbele yake ni hesabu za logi.

Tena mwili hauulizi ruhusa. Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe tunayemsoma katika Biolojia, alijijaribu mwenyewe katika bustani ya wanyama ya London, akaandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Palikuwa na kifutu, yaani bafe, nyoka ambaye sisi twamfahamu bila ya kwenda London. Darwin alisogeza uso wake karibu na kioo kinene kilichowatenga, akakata shauri kwamba nyoka akirusha kichwa, yeye hatarudi nyuma hata kidogo. Nyoka akarusha kichwa. Darwin akajikuta amekwisha ruka nyuma yadi moja au mbili. Alijua vema kwamba kioo kile hakipitiki, lakini ujuzi wake haukumfaa kitu.

Simcheki, wala siwacheki walioandika "nyoka". Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni watu wa mashambani katika nchi za joto, yaani watu kama sisi. Msichana anayemulika tochi kabla ya kutia mguu katika majani hana fobia, ana akili. Lililonishangaza ni jambo jingine. Shirika hilo hilo lilihesabu watu kama 1,190,000 waliokufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021 peke yake, na hata karatasi moja haikutaja pikipiki. Siku ya kufunga shule tutapanda bodaboda watatu watatu, sanduku juu ya tangi, tukicheka.

Sasa, hofu hugeuka fobia lini? Neno hili limetoka kwa Wagiriki wa kale, waliokuwa na mungu wa hofu aitwaye Phobos, mwana wa mungu wa vita. Madaktari hulitumia kwa hofu iliyopita kiasi cha hatari yenyewe, inayodumu miezi sita au zaidi, na inayomfanya mtu akikimbie kitu hicho hata maisha yake yakaharibika. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu anayeogopa feri lakini hupanda akafumba macho hana shida. Lakini mtu anayekosa msiba wa ndugu yake wa Unguja kwa sababu hawezi kutia mguu chomboni ana shida ya kweli. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22, ukatangazwa mwaka 2017, ulikuta kwamba watu kama 7 katika kila 100 wamepata fobia ya kitu fulani katika maisha yao, nayo aghalabu huanza utotoni. Basi hapana bweni lisilokuwa na mtu wa namna hiyo.

Nitatoa mfano wa kinyonga, kwa kuwa alitajwa mara nyingi na kwa kuwa hana hatia. Kwetu ni Usambara, ambako vinyonga ni wengi, na mmoja wao dume lake lina pembe tatu puani. Kinyonga hana sumu. Hula wadudu, huenda polepole, na kazi yake kubwa ni kujificha. Hata hivyo nimeona watu wazima wakikimbia kwa sababu yake. Kwa nini? Makabila mengi ya Kibantu, hata Wazulu wa Afrika Kusini, husimulia kwamba zamani kinyonga alitumwa awapelekee watu habari ya uzima, akakawia njiani, na mjusi akatangulia na habari ya mauti. Mtoto anayelala na hadithi hiyo atampendaje kinyonga? Lakini zaidi ya hadithi kuna macho. Nikiwa mdogo nilikwenda shambani na bibi yangu. Akaona kinyonga juu ya bua la mhindi, akatupa jembe, akapiga ukelele. Mimi sikumwona kinyonga kwanza, nilimwona bibi. Tangu hapo nami nikawa mkimbiaji, mpaka Kidato cha Pili, Mwalimu wetu wa Biolojia alipokuja darasani na kinyonga mkononi kama mtu aliyeshika kalamu.

Kwamba hofu hufundishwa kwa macho si mawazo yangu tu. Katika miaka ya 1980, Susan Mineka na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walichukua kima waliozaliwa na kulelewa ndani, ambao hawakuwaogopa nyoka. Wakawaweka watazame kima wa porini wakimtishikia nyoka. Kwa dakika chache tu wale wa ndani nao wakawa waoga wa nyoka, na hofu hiyo haikuwatoka. Kisha wakawaonyesha picha za sinema zilizotengenezwa kwa hila, kana kwamba kima anayatishikia maua. Hawakujifunza kuogopa maua. Yaani ubongo uko tayari kuogopa baadhi ya vitu kuliko vingine, nao hungoja mtu wa kuufundisha tu. Wazazi mtakaosoma hapa, tafadhali kumbukeni hayo mtakapopiga kelele kwa ajili ya mende.

Habari ya kusikitisha zaidi ni ya mtoto aliyeitwa Albert. Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, walitangaza walivyomfundisha kuogopa. Alipokuwa na miezi tisa hakumwogopa panya mweupe, alitaka kumshika. Alipofika miezi kumi na mmoja, kila alipomgusa panya huyo walipiga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya mara chache mtoto alilia akimwona panya tu, hata bila ya kishindo. Kisha akaanza kumwogopa sungura, na mbwa, na koti la manyoya. Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya Watson: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Albert aliondoka hospitalini na hofu ile ile. Siku hizi majaribio ya namna hiyo hayaruhusiwi, na mimi nasema ni vizuri.

Nimefika mahali ambapo nataka msomaji atulie, maana ndipo wengi hukosea. Watu hudhani hofu hukaa kwa sababu kitu kinachoogopwa kipo. Sivyo. Aghalabu hukaa kwa sababu tunakimbia. Mwenzangu mmoja, ambaye amenipa ruhusa niandike habari zake bila ya jina, anaogopa radi. Kidato cha Kwanza alikuwa akijifunika blanketi radi ikipiga. Kidato cha Pili alianza kujifunika mvua ikinyesha, hata kama hakuna radi. Kidato cha Tatu alikuwa akiona wingu tu kutoka dirishani huomba ruhusa, akasema anaumwa na tumbo, akaenda bwenini. Angalia jinsi hofu ilivyosogea mbele kila mwaka kama mtu ahamishaye mpaka wa shamba usiku. Kila alipokimbia moyo wake ulitulia, na kule kutulia kukawa fundisho: "Nimeokoka kwa kuwa nimekimbia." Lakini hakupata nafasi ya kuona kwamba wale waliobaki darasani nao wameokoka. Kukimbia ni kama kumpa mfupa mbwa asiyekuwa na mwenyewe. Leo ataondoka, kesho atalala mlangoni. (Radi ni hatari ya kweli kwa mtu aliye uwanjani au chini ya mti, naye anajua hivyo. Ila darasa letu si uwanja.)

Hofu ya ubao nayo ni hivyo hivyo, lakini juu yake nitasema maneno machache tu: hiyo tumeitengeneza sisi wenyewe kwa vicheko vyetu, na dawa yake iko vinywani mwetu.

Je, dawa ya fobia ni nini? Wengi huamini dawa ya nguvu. Mtaani kwetu kuna kijana aliyekuwa akiogopa maji. Ndugu zake wakubwa wakasema watamponya, wakamtupa katika kilindi cha mto siku ya sikukuu, kisha wakamtoa. Tangu siku hiyo hata ndoo ya kuoga huitazama kwa mashaka. Walimfanya vile vile alivyofanywa Albert, yaani walimpa kishindo pamoja na kitu chenyewe.

Dawa ya kweli ilionyeshwa mwaka 1924 na mwanamke aitwaye Mary Cover Jones. Alimpata mtoto aitwaye Peter, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu, na alikuwa akimwogopa sungura. Alimketisha mtoto kwenye kiti chake akala chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya tundu. Siku baada ya siku tundu lilisogezwa karibu kidogo, kwa kadiri mtoto alivyoweza kustahimili. Mwisho Peter alimwachia sungura amtafunetafune vidole. Hapakuwa na fimbo wala kicheko. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, aliifanya njia hiyo iwe utaratibu kamili wa kutibu watu wazima, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Mgonjwa huandika hofu zake kama ngazi, ndogo chini na kubwa juu. Kisha hujifunza kulegeza mwili wake, na hupanda kipandio kimoja kimoja, asihamie cha pili mpaka cha kwanza kimepoa. Madaktari wa leo hupenda mtu akikabili kitu chenyewe badala ya kukifikiri tu, lakini ngazi ni ile ile.

Wako waliojitibu bila ya daktari. Mshairi wa Kijerumani, Goethe, alipokuwa mwanafunzi mjini Strasbourg kati ya mwaka 1770 na 1771, alikuwa akipata kizunguzungu mahali pa juu. Akawa akipanda peke yake mnara wa kanisa kuu la mji ule, akikaa huko juu, akishuka, akipanda tena siku nyingine, mpaka jambo lile likawa si kitu kwake. Siwashauri wadogo zetu wapande tangi la maji la shule. Nasema tu kwamba alirudi huko mara nyingi, na aliyepanda alikuwa yeye mwenyewe, si mtu aliyesukumwa.

Nimesema fobia zote hupoa kwa kulegeza mwili. Iko moja ambayo haifuati sheria hiyo, nayo ndiyo yangu.

Mtu mwenye hofu ya nyoka au ya radi hudhani atazimia, lakini ni nadra kuzimia, kwa kuwa shinikizo la damu limepanda. Mwenye hofu ya damu na sindano ni kinyume. Kwanza moyo hupanda kama wa wengine, halafu ghafula moyo huenda polepole, shinikizo la damu huanguka, ubongo hukosa damu ya kutosha, masikio hulia, macho huingia kiza, mtu huanguka. Aghalabu jambo hili huenda kwa ukoo. Mama yangu akijikata kisu jikoni huketi chini kwanza kabla hajatafuta kitambaa. Mimi nimeanguka mara tatu: mara moja mbele ya sindano, mara moja mwenzangu alipotoka damu puani katika mchezo wa netiboli, na mara moja darasani kwa kusikia tu habari za upasuaji. Walionibeba walisema nilikuwa mweupe kama chaki. Wengine walisema nina mashetani.

Ukimwambia mtu kama mimi alegeze mwili, ndipo utakapomwangusha upesi. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, pamoja na mwenzake, walitangaza mwaka 1987 njia nyingine, nayo ni kukaza. Unakaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa muda wa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso uone joto. Kisha unaacha kwa sekunde 20 au 30, bila ya kulegea kabisa, halafu unakaza tena, mara tano. Misuli ikikazwa hupandisha shinikizo la damu, na mtu mwenye shinikizo la kutosha hazimii. Ni jambo rahisi hata nilipolisoma mara ya kwanza sikuliamini.

Sababu ya kunitaabisha mwaka huu ni hii. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapana budi achague tahasusi anayotaka kusoma Kidato cha Tano. Napenda Biolojia na Kemia kuliko masomo yote, na alama zangu zinaruhusu. Lakini anayesoma Fizikia, Kemia na Biolojia hupasua panya na chura kwa mkono wake, na mwisho wa njia hiyo, nikijaliwa, ni wodi ya hospitali. Baba alinishauri nichague Historia, Jiografia na Kiswahili ili nipumzike na mambo haya. Alisema kwa upendo, nami sikumjibu. Nimeyataja masomo hayo bila ya dharau, maana nayapenda. Ila nikiyachagua kwa sababu nakimbia chura aliyekufa, nitakuwa nimempa mbwa mfupa mkubwa kuliko yote.

Nilikwenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, naye akanipeleka kwa nesi wa zahanati. Nawaambia wenzangu kwamba kwenda huko si aibu. Mtu akisikia "daktari wa akili" hukumbuka Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, akaanza mzaha, kana kwamba mtu akienda kwa fundi wa saa basi saa zote za nyumbani zimekufa. Nesi alinisaidia kuandika ngazi yangu yenye vipandio saba. Cha kwanza kilikuwa kutazama picha ya jeraha katika kitabu. Cha pili kilikuwa kusimama mbele ya bucha siku ya likizo na kutazama nyama ikikatwa, nami nilisimama hapo mpaka mwenye bucha akaniuliza kama nadai chenji. Cha tatu kilikuwa kushika sindano isiyotumika. Cha nne kilikuwa kumwangalia mama akisafisha samaki mpaka mwisho. Kila kipandio nilirudia siku nyingi, nikikaza misuli kila mara, na baadhi ya siku nilishuka badala ya kupanda.

Kipandio cha tano nilikifika Jumatano iliyopita. Nesi alikuwa akiwapima malaria wasichana watano wenye homa, kwa kile kipimo cha kuchoma kidole na kutia tone moja la damu. Nilisimama mlangoni. Wa kwanza na wa pili nilitazama kucha za nesi, si kidole. Wa tatu nilitazama. Tone lilipanda jekundu, dogo kuliko mbegu ya mchicha iliyolowa maji, nami nilikaza mpaka uso ukawa moto na magoti yakawa kama mbao. Masikio hayakulia. Wa nne nilitazama tena. Wa tano niliomba kiti, nikaketi, nikatazama nikiwa nimeketi.

Kipandio cha sita ni kidole changu mwenyewe, nacho nesi amekipangia Jumatano ijayo, saa nane mchana, baada ya chakula. Amesema nisije na tumbo tupu.